Rika la Daktari Boazi

Cresensia Felisiani alikulia Mbulumbulu, kwenye nyumba iliyozungukwa na ngano, na tangu utotoni alijua mambo mawili: udongo na kunyamaza. Udongo alifundishwa na baba yake, ambaye kila msimu aliubonyeza kiganjani kabla ya kutia jembe. Kunyamaza hakufundishwa na mtu. Wazee wa Kiiraqw walipokusanyika kwa pombe na dua, mmoja akitamka na wengine wakiitikia, wanawake walikaa nyuma ya ukuta. Huko nyuma ya ukuta ndiko Cresensia alikosikia wanaume wakimwombea yeye mwenyewe safari njema ya chuo kikuu.

Alikwenda, akasoma, akabakizwa kufundisha. Mwaka 1983 alikuwa mwanamke pekee kati ya walimu wa udongo. Wenzake walimwita mama ingawa hakuwa na mtoto, na kwenye vikao yeye ndiye aliyemimina chai. Siku moja mwanafunzi mmoja wa kike alimjia akilia kwamba mwalimu fulani amemwita chumbani kwake eti wakazungumzie maksi. Cresensia akaenda kwa mkuu wa idara. Mkuu alitabasamu kwa upole.

"Mama, hawa wasichana nao hujipeleka wenyewe. Funika kombe."

Akafunika. Yule msichana hakuonekana tena muhula uliofuata, na Cresensia hakuuliza kwa nini.

Agosti ya mwaka ule lori la chuo liliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili kwenye mafunzo ya shambani. Walipita Karatu wakitafuta sukari, duka baada ya duka, rafu tupu, wakaendelea kupanda hadi nyanda za baridi za Ngorongoro, karibu na Nainokanoka. Aliyeongoza msafara alikuwa Daktari Boazi, mtu wa Singida, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Cresensia alikuwa msaidizi wake. Kati ya wanafunzi wote msichana alikuwa mmoja tu, Naisenya, na bahati iliyoje, boma la baba yake lilikuwa ng'ambo ya kijito kutoka pale walipopiga mahema.

"Dada, shika sufuria," wavulana walimtania siku ya kwanza, shimo la kupimia udongo lilipoanza kuchimbwa. "Jembe tuachie wenye misuli."

"Misuli ipi?" Naisenya aliwajibu. "Ile iliyosukuma lori jana mpaka likarudi nyuma?"

Wilibrodi, dereva, alicheka mpaka akakaa chini.

Baba yake, mzee Ngoitiko, alifurahi kupata wageni wa chuo. Akachinja kondoo. Wanaume walikula nyama porini, mbali na macho ya wanawake, kama ilivyo desturi yao, na habari za huko zililetwa na Daktari Boazi mwenyewe aliporudi mdomo uking'aa mafuta.

"Mzee ameniuliza nilitahiriwa mwaka gani," aliwaambia walimu na wanafunzi, akicheka. "Nimemtajia. Akasema, basi wewe ni Seuri, waliotahiriwa wakati mmoja nasi, wewe ni rika langu! Kuanzia leo mniheshimu. Mimi ni Mmaasai."

Toka hapo kila alipomwona Ngoitiko aliita, "Rika!" na Ngoitiko akaitikia, "Rika!" Walipeana ugoro. Walipiga picha. Ngoitiko aliwanyooshea mkono watoto waliokuwa wakichunga ndama, akasema, "Hawa wote sasa ni wako," na Boazi akashukuru, kama mtu anavyoshukuru akiambiwa karibu nyumba ni yako.

Siku mbili baadaye, alasiri, Cresensia alikuwa ndani ya shimo akionyesha tabaka za udongo. Daktari alisimama ukingoni, akamwambia Naisenya bila hata kupunguza sauti:

"Wewe maksi zako haziridhishi. Jioni njoo hemani kwangu tuzitazame. Uje peke yako."

Wavulana walitazama viatu vyao. Cresensia alijua kwamba maksi za Naisenya ndizo za juu kuliko zote, maana alizisahihisha yeye. Alifungua kinywa. Udongo ulimporomokea kidogo begani. Akakifunga.

Wakati huohuo mama yake Naisenya, Seenoi, alifika na kibuyu cha maziwa, kama alivyofanya kila alasiri. Naisenya alimwendea, wakasemezana kwa Kimaasai, maneno machache tu. Seenoi hakulia, hakupaza sauti. Alikichukua kibuyu chake kikiwa kimejaa, akarudi nacho nyumbani, na binti yake akamfuata nyuma. Cresensia aliona hatari. Maziwa yaliyoletwa kwa mgeni hayarudishwi.

Asubuhi wazee walikuja. Walikuja kimya na fimbo zao, wakakaa kwenye nyasi zenye umande mbele ya hema la Daktari. Cresensia alitaka kuamini kwamba wamekuja kusalimia wageni tu. Akainjika chai.

"Takwenya!" mmoja wao, Kaika, alimsalimu.

"Iko," aliitikia. "Karibuni chai, wazee."

"Chai baadaye, mama. Rika, toka nje!"

Daktari Boazi akatoka akifunga vifungo vya shati, uso mkunjufu. "Rika! Mbona mapema?"

"Umemwita binti yako hemani," Kaika alisema.

"Binti yangu? Binti yangu yuko Singida, mzee."

"Huyu hapa. Naisenya. Ngoitiko unamwitaje?"

"Namwita... rika."

"Ulikula nyama yake?"

"Nilikula, lakini—"

"Basi mtoto wa rika lako ni mtoto wako. Kwetu mwanaume akimtaka mtoto wa rika lake, sisi wenzake ndio tunaoona aibu, na sisi wenzake ndio tunaomwadhibu. Tumekuja kukuadhibu."

Yalisemwa kwa utulivu kiasi kwamba Daktari alicheka. Hakuna aliyecheka naye. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Cresensia kama mtu anayeita gari la zimamoto.

"Mwalimu, hebu waambie hawa wazee. Mimi nilimwita kwa ajili ya masomo. Waeleze jinsi chuo kinavyofanya kazi."

Macho yote yakamgeukia. Aliyaona ya wavulana, ya Wilibrodi aliyeshikilia kitambaa cha kufutia kioo, ya Naisenya kando ya mama yake. Alijua jibu lililotakiwa. Alikuwa amelitoa maisha yake yote.

"Hivyo ndivyo kinavyofanya kazi," alisema. "Wanawaita. Anayekataa anafeli. Huyu maksi zake ni nzuri, nilizisahihisha mimi."

Alishtuka kuisikia sauti yake hadharani, mbele ya wanaume, bila ukuta. Daktari alishtuka zaidi. Alikaa chini kwenye nyasi ghafla kama mtu aliyekatwa miguu.

Hukumu haikuchukua muda. Atoe mtamba mmoja, ng'ombe jike asiyezaa bado, na ashike majani mkononi mbele ya Ngoitiko, ishara ya mtu anayeomba asamehewe. Daktari aling'oa majani, akayanyanyua.

"Leo simba kala nyasi," Wilibrodi alinong'ona.

Cresensia karibu atabasamu. Kisha aliona kwamba Ngoitiko hamtazami Daktari. Anamtazama yeye.

"Mama," mzee alisema. "Kumbe ulijua?"

Cresensia aliitikia kwa kichwa.

"Huyu alikosa kwa ujinga wa mgeni. Wewe ulijua, na mtoto ulikuwa naye. Basi Naisenya anabaki nyumbani. Ndama hafungwi tena pale fisi alipokwisha kuingia."

"Baba!" Naisenya alisogea mbele, mahali ambapo msichana hasogei. "Mimi nimevunja nini? Aliyekosa anarudi chuoni, mimi nibaki?"

Sanduku lake lilikwisha kushushwa kwenye lori. Cresensia alilitazama, akamwona yule msichana mwingine, wa muhula ule, ambaye hakuuliza habari zake. Ukweli aliousema kwa uchungu wote ule ndio sasa ulikuwa unamnyima Naisenya chuo. Alipiga magoti, akang'oa majani, akamnyanyulia Ngoitiko.

"Mzee, nipe huyu. Maksi zake zitasomwa mbele ya watu. Na haya ya leo nitayasema kwenye baraza la chuo, nikiwa nimesimama."

Wazee waliguna. Ngoitiko alichora ardhini kwa ncha ya fimbo.

"Aliyeshika majani hasukumwi," alisema mwishowe. "Mchukue. Lakini uje mwenyewe kuniambia walichosema."

Cresensia aliyasema kwenye baraza la chuo, akiwa amesimama. Siku hiyo chai ilimiminwa na mtu mwingine. Wanaume kumi na wawili walimsikiliza mpaka mwisho, kisha mwenyekiti akauliza kama ni kweli kwamba wazee wamekwisha kumtoza Daktari Boazi mtamba. Ni kweli, alisema Cresensia. Basi, mwenyekiti akasema, suala limemalizwa kimila, na chuo hakina haja ya kulirudia. Mtu mmoja akauliza, kwa mzaha, bei ya mtamba siku hizi. Wakacheka. Daktari Boazi alicheka pamoja nao.

"Na wale wasichana ambao baba zao si rika lake?" Cresensia aliuliza.

Wakahamia ajenda nyingine.

Alirudi Nainokanoka wakati wa likizo, kama alivyoahidi. Naisenya alikuwa amefaulu kuingia mwaka wa tatu, na sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba, tayari kwa safari. Seenoi alimpa mgeni maziwa. Cresensia hakuyagusa mpaka amalize kusimulia yote, hata kile kicheko.

Ngoitiko alimsikiliza mdomo wazi. Ilionekana kwamba jambo hilo lilimzidi nguvu kuliko kosa lenyewe.

"Sielewi," alisema. "Huko chuoni hana rika? Hana watu wa kumwonea aibu?"

Cresensia alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Aliziona nyuso za wale kumi na wawili kuizunguka meza, na vikombe vyao.

"Anao, mzee," alisema. "Hao niliowaambia ndio rika lake."

Mzee aliinamisha kichwa. Nje, Naisenya alikuwa akiliburuta sanduku kuelekea barabarani.