Pembe Aliyoinyoosha Baba

Kichwa cha mnyama kikichemshwa kwenye pipa nusu siku nzima hutoa harufu inayoganda kwenye nywele, na hakuna sabuni inayoiweza. Huanza kama supu, halafu inageuka kuwa kitu kama kucha zilizoungua na nyama iliyosahauliwa juani. Majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na moja niliishi ndani ya harufu hiyo wiki tatu, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, mama alikuwa akisafisha ofisi Marshalltown, katikati ya jiji, na baba hakutaka nibaki peke yangu mtaani kwetu Diepsloot. Kila asubuhi alinichukua hadi karakana alikofanya kazi, kusini mwa jiji, mahali ambapo wanyama waliopigwa risasi na wawindaji walifika wakiwa vichwa vitupu na ngozi zilizopakwa chumvi, wakatoka wakiwa na macho ya kioo na ubao wa kuwatundikia ukutani. Baba alikuwa seremala kutoka Burundi. Aliajiriwa atengeneze mbao hizo tu, lakini mwenye karakana, mzee mzungu ambaye sote tulimwita Oom Faan, yaani Mjomba Faan, kwa heshima ya lugha yake, aliiona mikono yake ilivyo, na baada ya mwaka akamkabidhi na pembe.

Baridi ndiyo msimu wa kuwinda, na wawindaji walipenda kuja wenyewe kukagua mali yao. Nilikaa juu ya gunia la maranda nikiwatazama, na sijapata kuona watu wazima wapuuzi kiasi kile. Walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walitaka pembe zilingane, ya kulia na ya kushoto, msokoto kwa msokoto, ncha kwa ncha. Walipima, wakapima tena, na tofauti ya upana wa kidole iliwatia huzuni ambayo sikuiona kwao walipomzungumzia mnyama mwenyewe. Wa pili walitaka kombo: pembe iliyojikunja, iliyodumaa, iliyoelekea kusikoelekea. Wengine walileta kulungu wa Ulaya wanaofugwa kwenye mashamba ya huku, wale wenye pembe za matawi, na kwao kila tawi lililoota pasipotakiwa lilikuwa sherehe. Hao walijiona werevu zaidi, kwani eti pembe nzuri mtu yeyote anaweza kuzipata. Pande hizo mbili zilikutana kwenye benchi la Oom Faan, zikanywa kahawa yake na kubishana mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Nikiwakumbuka leo, na vitambi vyao ndani ya mashati ya kijani, wakigombania ulemavu wa kichwa kisicho na mwili, nasikia kichefuchefu, na wala hakitokani na mapipa.

Kinara wa wapenda sawasawa alikuwa mtu mmoja tuliyempa jina la Bwana Futi, kwa kuwa futi yake ya kupimia haikutoka kiunoni. Mwaka uliotangulia alimgombeza baba mbele za watu kwa sababu pembe moja ya tandala wake, yule mnyama ambaye huku kila mtu anamwita kudu, ilionekana kuinama kidogo ilipotundikwa. Baba hakusahau. Kwa hiyo msimu ule, dereva wa Bwana Futi alipoleta kichwa cha tandala mwingine, ambaye pembe yake ya kushoto ilishuka hadi shavuni badala ya kupanda juu, na hakuacha maelezo yoyote zaidi ya jina la tajiri wake, baba alikiangalia kichwa kile kwa muda mrefu.

"Mama, ona," aliniambia, maana ndivyo akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Huyu aliteseka. Alikuwa anakula majani na pembe iko inamchoma. Na yule bwana akiikuta hivi, nimekwisha. Tuinyooshe."

Pembe ya tandala ni kama ala ngumu inayofunika mfupa. Ikichemka vya kutosha inachomoka. Baba aliichomoa, akaizungushia matambara ya moto, akaiweka kwenye mvuke kama alivyozoea kufanya na mbao za migongo ya viti, kisha akaivuta pole pole kwenye kalibu aliyoichonga kwa kufuatisha pembe ya kulia. Mfupa uliopinda aliukata, akatia mti badala yake. Kazi hiyo ilichukua siku nne. Mimi ndiye niliyebadilisha matambara, vidole vikiniungua, na sikulalamika hata mara moja. Asubuhi ya siku ya tano pembe zote mbili zilikuwa zimesimama, na usingeweza kujua ipi ndiyo iliyokuwa imepinda. Oom Faan alikizunguka kichwa mara mbili, akasema hajapata kuona kazi ya mkono kama ile. Nilijivuna kana kwamba baba amejenga mji.

Mchana Bwana Futi akaja.

"Kudu wangu yuko wapi?"

Baba alimwonyesha, akitabasamu.

"Huyo si wangu."

"Ni yeye, bwana. Nimemnyoosha."

Kumbe tangu msimu uliopita Bwana Futi alikuwa amehamia upande wa kombo. Nyumbani kwake alikuwa na ukuta mzima wa sawasawa na amewachoka, na chama chao kilikuwa na kitabu ambamo pembe za kombo ziliandikwa katika kurasa zake zenyewe. Huyu alimsaka kwa ajili ya kitabu hicho. Alimwita baba mjinga, akamwita mharibifu, akaapa kuhamishia vichwa vyake vyote kwingine. Mtu aliyemtukana baba kwa kuinama sasa alimtukana kwa kunyooka, na wala haya hazikumpitia usoni.

Nilimgeukia Oom Faan, nikisubiri arudie maneno yake ya asubuhi. Alijikuna shingo.

"Eish. Ikunje tena, ndugu yangu," alimwambia baba. "Iwe tayari Jumatatu. La sivyo, sitakuwa na kazi ya kukupa."

Bwana Futi alitoa simu, akamwonyesha baba picha: yeye mwenyewe amepiga goti nyuma ya mzoga, ameshika pembe iliyopinda, meno yote nje. Baba aliitazama, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwasha moto chini ya pipa. Jumatatu Bwana Futi alipima, akapima tena, akampiga baba begani kwa furaha, kwa sababu baba alikuwa ameikunja kupita ilivyokuwa mwanzo. Baadaye tulisikia kwamba imeingia kitabuni. Mabingwa wote wa kombo walipongeza maajabu ya porini yaliyotengenezwa na seremala Mrundi kwa mvuke na kamba.

Jioni ya Jumatatu ile, tukielekea nyumbani, nilikataa kumshika baba mkono.

"Ulijua ilikuwa nzuri," nilimwambia. "Mbona ulikubali?"

"Mama, nina nyinyi."

Nikamwambia yeye ni mwoga. Neno hilo nililisema kwa Kiingereza, lugha niliyoijua kuliko yeye, ili limuume vizuri.

Sasa nina meza yangu ofisini Braamfontein, ghorofa ya saba, na kazi yangu ni kukagua majengo ya zamani. Wawindaji wa namna ile bado wapo. Siku hizi wanarushiana picha za pembe kwenye simu na kubishana na watu wasiowajua, na bado nawadharau kwa moyo wangu wote. Mwezi uliopita niliandika kwamba ngazi ya jengo moja imelegea na haifai kupandwa. Mkuu wangu akaniita, akanikaribisha kiti, akaniomba nilainishe maneno kidogo ili mteja asikasirike. Hakunitisha. Hakugusia kabisa habari ya kunifukuza kazi, na mimi sina mtoto wa kulisha. Baba aliikunja pembe ya mnyama aliyekwisha kufa, na siku zote tatu za kuikunja hakuweza kula. Mimi nilibadilisha sentensi mbili kuhusu ngazi ambayo watu wanaipanda kila siku, nikamaliza kabla ya saa ya chakula, nikashuka chini nikala nikashiba.