Kioo cha Saa ya Marehemu

Marehemu mume wangu aliacha ng'ombe wawili, shamba la muhogo pale Nabuyoga, na saa ya mkono. Ng'ombe na shamba havikuleta neno. Saa ndiyo iliyotaka kutugombanisha, kwa sababu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisoma mgongoni mwake kwamba ina safaya.

"Hiyo ni yakuti, shemeji. Wafalme wanavaa! Iuzwe, ukoo ugawane."

Mimi nilitaka ibaki kwa binti yangu, mkunga wa kituo cha afya. Angeitumia kuhesabia mapigo ya moyo ya wajawazito. Nikasema haiuzwi mpaka fundi aione. Tukaenda Busia kwa fundi saa mmoja. Shemeji alivaa koti lake la harusi.

Fundi aliitazama kidogo tu, akanijibu kama anavyomjibu bibi yake.

"Yakuti ni hii kioo yenyewe, jaja. Lakini haikuchimbwa. Ilipikwa kiwandani, unga wa kutu ya alumini kwa moto mkali, ikapoa ikawa jiwe."

"Alumini?" shemeji akaruka. "Ile ya sufuria?"

"Ndugu ya sufuria. Lakini sufuria haiwezi hii."

Akachukua msumari, akaukwaruza juu ya kioo mpaka meno yakaniuma. Akafuta kwa kidole. Hakuna alama.

Shemeji akasema msumari ule ni mchovu. Akatoa simu yake mwenyewe, akaisugua kwenye ukingo wa kioo kile aone nani atashindwa. Simu ikapata mstari toka juu mpaka chini.

"Sasa hiyo ni mali!" akasema, huku anaisikitikia simu.

Mali ikishaitwa mali, mjane hana chake.

"Bei gani?" akamuuliza fundi.

"Viwanda vinapika nyingi. Kioo kama hii, mpya, inafika hapa kwa bei ya kuku."

"Kuku mzima?"

"Mwenye afya."

Shemeji akahesabu ndugu kwa vidole. Walikuwa tisa.

"Na shingo utampa nani?" nikamuuliza.

Akavikunjua vidole vyote tisa.

"Basi, shemeji, kaa na saa. Nipe mimi kuku."

Nikampa jogoo wangu mzee, yule anayewika saa nne asubuhi watu wakiwa shambani. Binti yangu alivaa saa siku hiyo hiyo. Jogoo, nilisikia, alichemshwa tangu adhuhuri mpaka jua likazama, na bado walimtema.