Kiganja cha Bibi Juu ya Redio

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Moshi mjini yalipoanza kujaa vitu, usharika wetu kule Mwika nao ukanunua drams za kwaya. Nikakabidhiwa mimi, kwa vile sikujua kutulia. Hata mezani nilikuwa nagonga sahani mpaka mama ananinyooshea mwiko. Basi nikazipiga kwa pupa. Pakitokea upenyo kidogo kwenye wimbo, naujaza. Vijana wakanishangilia, kichwa kikavimba.

Aliyenikosesha raha ni bibi yangu. Masikio yake yalishaziba kwa uzee, macho nayo yana ukungu, akawa anazifuata nyimbo kwa mtetemo wa benchi. Jumapili moja, vurugu zangu zikampoteza, akapiga makofi peke yake wimbo umeshakwisha, kanisa zima likiwa kimya. Watoto wakaangua kicheko. Toka siku hiyo akagoma kwenda ibadani.

"Nitasali hapa hapa na ng'ombe," alisema.

Roho iliniuma. Nilijua ni mimi niliyempoteza, nikatamani mno arudi. Lakini kukiri? Thubutu!

Ndipo mjomba, aliyekuwa mpagazi mlimani, akaja na kaseti aliyopewa na mgeni. Ilikuwa roki ya zamani ya Wazungu, magitaa yanalia kama yamechomwa. Nikasubiri mpiga ngoma aonyeshe ufundi. Wapi! Duu, paa. Duu-duu, paa. Wimbo mzima!

"Huyu naye alilipwa kwa kazi gani?" nikafoka, nikanyoosha mkono niizime.

Bibi alikuwa kando yangu anamenya ndizi za mtori. Akaweka kiganja juu ya redio, ndiyo ilikuwa kawaida yake. Kaseti zangu nyingine alikuwa akiziondolea mkono upesi. Hii hakuiondolea. Mguu wake ukaanza kugonga sakafu, paa, paa, sawasawa kabisa.

"Huyu anangoja watu," akasema.

Jamani, wivu! Niliirudia ile kaseti mpaka betri zikaisha. Hapo ndipo nikasikia: gitaa lilizurura litakako, mwimbaji akapiga mayowe, na wote wakirudi wanamkuta yule bwana palepale alipokuwa. Nikajaribu kumwiga kwenye ndoo. Kumbe kazi! Vidole viliwasha, nikatoka jasho kuliko siku ya kulima.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Nikambembeleza bibi, mara moja tu, akakubali huku ananuna. Akaketi benchi la nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya kwaya, sionekani.

Duu, paa. Beti ya tatu nusura nivurumishe, nikauma meno. Kwa upenyo kati ya mabega ya waimbaji nikamwona bibi. Kiganja kilikuwa kwenye benchi. Kisha akanyanyua mikono yote miwili, na makofi yake yakaangukia pamoja na ya kanisa zima, beti hadi beti. Hakuna mtoto aliyecheka. Nililia huku napiga.

Baada ya ibada, nje, mnada wa mazao ukiendelea, bibi akanishika mkono. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Afadhali wamekutoa," akaniambia. "Huyu wa leo ndiye mpigaji. Jumapili ijayo nakuja tena."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga, nikambebea mkungu wake wa ndizi, tukapanda nyumbani.