Kulura ya Ukutani

Usiku wa kuamkia sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, mwezi Machi, sikulala. Mwanangu Evdokia naye hakulala, ila kila mmoja alijifanya amelala kwa ajili ya mwenzake. Nilimsikia akijigeuza ng'ambo ya ukuta. Begi lake lilikuwa karibu na mlango tangu jioni, limeshafungwa. Asubuhi jirani yetu Mzee Markozani angetoa jibu lake. Likiwa baya, Evdokia angepanda meli ya Alhamisi kwenda Athens, kwa binamu yake mwenye duka la viatu. Mimi sina akili ya kungoja kwa utulivu. Mpaka alfajiri nilishaona meli inazama mara mbili, na duka linaungua na viatu vyote ndani.

Na yote hayo kwa sababu ya mkate.

Hapa kwetu kisiwani Santorini mizabibu haisimami, upepo ungeing'oa. Tunaisuka ikiwa chini. Matawi yanazungushwa mwaka baada ya mwaka mpaka yanakuwa kikapu, na zabibu zinakua humo ndani, zimejificha. Kikapu hicho tunakiita kulura, jina lilelile la mkate wetu wa duara wenye tundu katikati. Hakuna aliyewahi kuona shida. Mkate unaliwa, mzabibu unasukwa, nani atavichanganya?

Markozani ana miaka sabini na tisa, na kijijini hakuna anayesuka kama yeye. Tunatazamana naye kwenye uchochoro mmoja, kwa hiyo namwona kila siku, nitake nisitake. Huvaa glavu mkono wa kushoto tu, wa kulia anasema lazima uusikie mti. Mizabibu yake huitukana kama watoto. "Lala vizuri, mvivu wewe! Bibi yako alikuwa anazaa ndoo nzima, wewe unaniletea vishada viwili!" Mvinyo wake ni mweupe, mkavu, una ndimu na chumvi kidogo, ukishuka kooni unakuamsha. Mgeni mmoja aliuonja akamwuliza kama na yeye anasikia ladha ya pichi. "Pichi ziko kwa muuza matunda," akamjibu, "shuka kulia."

Na kama kuna kitu anachokidharau, ni mtu anayemwagilia mizabibu. Yetu hunywa ukungu wa usiku, basi. Mtoto wa jirani yetu Bi Zambeta alipotandaza mipira ya maji shambani, Markozani alimwuliza mbele ya watu kama ameinunulia na miavuli.

Hakuoa, hana mtoto. Ndiyo maana mkahawa mzima uligeuka kumtazama Septemba iliyopita, aliposema kwamba shamba na kanava, yaani pango lake la mvinyo, atamwachia Evdokia avitunze. Evdokia alikuwa ameacha kazi ya mapokezi hotelini, kazi ya kivulini, akawa anainama naye kwenye upepo mwaka wa pili sasa. Mimi nililia, nusu kwa furaha, nusu kwa mgongo wa mwanangu.

Kisha ikaja Januari, wakati wa kupogoa. Markozani alikuwa ngazi ya chini ya shamba, Evdokia juu, karibu na kibanda cha mawe. Mzee akasikia njaa. Ndani ya kibanda, kwenye msumari ukutani, kulikuwa na kulura ya siku nne, ngumu kama jiwe. Akapaza sauti, "Evdokia! Ile kulura kavu ya ukutani, ikate!" Alisema na mengine kuhusu supu, lakini hayo upepo uliyachukua.

Nje, chini ya ukuta wa shamba, palikuwa na mzabibu mkongwe kuliko yote, kikapu chenye shina nene kama paja, kimekauka nusu. Evdokia aliona ni heshima kubwa amepewa. Akachukua msumeno, akakikata usawa wa ardhi.

Markozani alipanda na bakuli la supu mkononi.

"Umekata?"

"Nimekata, Babu," akasema kwa fahari, na kumwonyesha kikapu alichokikumbatia.

"Mkate uko wapi?"

Evdokia anasema mzee alivua kofia, akaketi juu ya ukuta, na ile supu ikapoa. Mwishowe akasema, "Kisiki kikichipua kabla ya Kupashwa Habari, tutaongea. Kisipochipua, usinijie mlangoni."

Kwenye duka la mikate hatukupumua tena kwa utani wa muuzaji: "Evdokia, leo unataka kulura ya kula au ya kupanda?" Bi Zambeta alikuwa anashika mbavu kwa kucheka. Mwanangu akawa ananituma mimi kununua mkate.

Ila kuna jambo nililiona, nikalikalia kimya. Tangu mwisho wa Februari, kabla hakujapambazuka, Markozani alikuwa anatoka kwake akinyata, na chini ya koti amebeba kitu. Siku ya tatu koti lilipepea. Lilikuwa kopo la kumwagilia maua. Sikumwambia Evdokia. Matumaini ya uongo yanamtesa mtu kuliko kukata tamaa, na pengine mzee alikuwa na maua mahali.

Basi, asubuhi ya sikukuu. Kengele zilikuwa zinalia, nyumba nzima inanuka kitunguu saumu na samaki wa chumvi niliokuwa nakaanga. Markozani akashuka kutoka shambani. Macho mekundu. Akatupita tumesimama kizingitini, asitusalimie, akaingia kanava yake ng'ambo ya uchochoro, akafunga. Nikasikia komeo.

"Imekwisha, mama," Evdokia akasema, akainama kushika begi.

"Weka chini. Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Basi bado hajajibu. Nenda kagonge."

"Aliniambia nisimjie mlangoni."

"Kisipochipua! Wewe umesikia kwamba hakikuchipua? Kusikia nusu nusu ndiko kulikotufikisha hapa. Chukua huu mkate, nenda."

Akavuka na kulura ya moto mkononi. Nilibaki na uma wa kukaangia, samaki wakiungua nyuma yangu. Akagonga.

"Nani?"

"Evdokia, Babu."

"Umeleta nini?"

"Kulura."

"Ya aina gani?"

"Ya kula."

Ndani kukasikika kitu kama kikohozi, kikageuka kicheko, kikarudi kuwa kikohozi.

"Kikapu kile," sauti ikasema nyuma ya mbao, "mama yangu alianza kukisuka mwaka wa tetemeko. Nilikuwa na miaka kumi. Kilishachoka, kilitakiwa kukatwa miaka mitano iliyopita, mizizi ilete kingine. Kila Januari nilipanda na msumeno, nikashuka nao."

"Sasa kwa nini hukuniambia, Babu?"

"Nikuambie nini? Kwamba nauogopa mti?"

Evdokia akaegemeza paji la uso mlangoni. "Na kisiki?"

"Vichipukizi vitatu. Kimoja kinene kama kidole gumba. Leo asubuhi nimekaa nikavitazama mpaka vumbi likaniingia machoni." Akapenga kamasi. "Ile mizizi ni migumu, ndiyo maana. Haihitaji mtu."

Hapo nilishindwa. Nilipiga kelele kutoka ng'ambo ya uchochoro, "Inahitaji kopo la maua, Mzee! Nililiona!"

Bi Zambeta alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Mama Evdokia," sauti ikasema polepole, "wewe umeajiriwa na polisi?"

"Nakaa tu dirishani, Mzee."

"Kopo lilikuwa tupu."

"Lilikuwa linadondoka."

Evdokia alikuwa amegeuka ananitazama, mkate kifuani, anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikaona uso ambao sikuuona tangu Januari.

"Evdokia," Markozani akasema. "Huyo mama yako mwambie aje na samaki wake, kabla hajawamaliza kuwaunguza. Hata nikifunga ataona tu. Na wewe, ukishaingia, nikikwambia kata, utaniuliza nini?"

"Nikate kulura ipi, Babu."

Komeo likakwaruza, na mlango ukafunguka.