Miche 997

Mpaka leo nikipita kwenye kitalu kile damu inanichemka. Nilikuwa nimeolewa Marangu, mtoto wangu wa kwanza mgongoni, na kikundi cha akina mama kilikuwa kimenipa kazi ya kutunza miche ya kahawa. Siku walipokuja kuichukua, mama mkwe akataka ipangwe kwanza. Pale kwao hawahesabu mche mmoja mmoja. Viriba, vile vifuko vya miche, vinapangwa kwa safu zinazolingana. Safu ya mwisho ikitimia, hakuna aliyeiba. Isipotimia, kuna mkono umepita.

Tukapanga safu za ishirini. Mwisho ikabaki kumi na saba.

"Pangeni ishirini na mitano," akasema mama mkwe.

Ikabaki ishirini na miwili. Tukabomoa, tukapanga thelathini. Ikabaki saba.

Jirani mmoja akakohoa. "Siku hizi sokoni Himo miche inauzika sana, eti?"

"Mtoto wa mjini huyo," mwenzake akadakia. "Kwao Njoro kahawa wanaijulia kikombeni."

Wakacheka. Mama mkwe hakucheka. "Mama mtoto, kama umeuza, sema hapa hapa. Mimi mwizi silali naye nyumba moja."

Mwizi! Mimi niliyemwagilia kitalu hicho kiangazi kizima na tumbo mbele! Asubuhi ile nilikuwa nimeihesabu yote: mia tisa tisini na saba. Nikatoa simu, nikaanza kugawanya. Kwa mbili, tatu, nne, tano, sita, nikaendelea hivyo mpaka thelathini na moja. Kila mara inabaki kitu. Mtoto analia, mimi nabonyeza.

"Hii ni namba tasa," nikawaambia. "Haikubali safu sawa za aina yoyote, labda muipange mstari mmoja mpaka barabarani."

"Umeishia thelathini na moja," akasema yule aliyetaja Himo. "Je, hamsini? Mia?"

"Safu zikiwa ndefu hivyo, zenyewe zitakuwa chache, hazifiki thelathini na mbili. Na hizo chache zote nimeshajaribu. Hakuna."

Mama mkwe akaangalia simu kama uchafu. "Hicho kisimu chako kinaijua kahawa yangu?"

Nikaona maneno yameisha. Nikainama, nikachukua mche mmoja mbele ya macho yao, nikaufunika kwa kitenge.

"Haya. Pangeni kumi na miwili kila safu."

Wakapanga huku wanaguna. Safu ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho kule chini ya migomba. Zikatimia zote. Hakuna mche uliobaki.

"Mnaona?" nikasema. "Sasa ndiyo nimeiba, na safu zimetimia! Ningeiba mmoja tangu jana, mkapanga hivi kumi na miwili, leo mngenipigia vigelegele."

 Yule wa Himo akaziba mdomo kwa kiganja. "Yesu wangu, katuweza huyu." Kicheko kikamtoka puani.

Mama mkwe alizitazama safu zake mpaka ile ya mwisho. "Rudisha mche wa watu," akasema.

Nikaurudisha. Ukakaa peke yake mwishoni, kichwa kimeinama. Ndipo akawageukia wenzake: "Chukueni miche yenu. Haijapungua."

Lile neno mwizi hakulifuta. Sikuweza kukaa chini. Nikamnyonyesha mtoto nikiwa nimesimama, nazunguka kitalu, nazunguka tena, mpaka wakaibeba miche yote, kikabaki udongo mtupu.