Siku Printa Ilipoanza Kujisasisha

Kwa wiki tatu printa yangu ilikuwa inaniomba ruhusa ya kujisasisha, na kila mara nilibonyeza "Baadaye". Nilikuwa na steshenari ndogo mjini Same, karibu na stendi, na hapakukosekana mtu anayesubiri karatasi zake. Kumbe mashine ile, kwa kuwa ilikuwa kwenye mtandao, ilikuwa imewekewa siku ya mwisho ya kusubiri. Siku hiyo ilipofika, haikuomba tena.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ndugu wawili walikuwa wameshuka kutoka milimani kuchapisha ratiba ya mazishi ya mama yao. Nakala sita zilitoka, kisha printa ikanyamaza. Kioo chake kikaandika: Inasasisha, usizime.

"Dada, ibada ni saa sita," yule mdogo aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Poleni, kaka. Inabadilisha programu yake ya ndani. Ikikatizwa katikati inakufa kabisa. Tuipe dakika ishirini."

"Mama yangu yuko kwenye jeneza, wewe unaniambia habari za programu?"

Akaruka kaunta, akang'oa waya ukutani. Akauchomeka tena, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena. Haikuwaka hata taa moja.

"Haya, umeshaiua," nikamwambia.

Natamani ningeyameza maneno hayo. Alinipiga ngumi ya mdomo. Nilisikia jino likivunjika kabla ya kusikia maumivu. Akaiinua printa, akaibamiza sakafuni, akawa anaikanyaga huku analia kwa sauti. Kaka yake alimkaba shingo, wakaangukia rafu ya madaftari, vioo vyake vikapasuka.

Nje mtu aliona damu kidevuni mwangu, akapiga kelele: "Mwizi!"

Sijui walitoka wapi watu wote wale. Walimburuta yule mdogo hadi barabarani, wakamshushia mateke na mawe. Kaka mtu alijaribu kupenya, akapigwa naye. Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kufungua mfuniko wa tangi la pikipiki yake.

"Si mwizi! Mfiwa!" nilipaza sauti, lakini kwa mdomo ule hakuna aliyenielewa. Nikarudi ndani, nikaokota nakala moja ya ratiba, nikajitupa katikati yao na kuwaonyesha picha ya marehemu.

"Mama yake huyu! Wanamzika leo!"

Aliyekuwa na jiwe akalishusha. Mwingine hakungoja kusikia, akampiga yule mdogo nondo ya kichwa. Ndipo wakatawanyika.

Mama yule alizikwa jioni, mwanawe mdogo akiwa hospitali, hajui yuko wapi.

Nilinunua printa nyingine. Siku hizi naisasisha Jumapili, milango ikiwa imefungwa, na nakaa mbele yake mpaka imalize.

Baada ya miezi miwili yule mdogo alikuja, ameshikwa mkono na kaka yake. Jicho la kushoto lilikuwa halioni.

"Dada, nimekuja kukuomba msamaha. Sikuwa mimi siku ile."

"Nimekusamehe," nilimjibu, na nilimaanisha. Lakini aliponyoosha mkono kunisalimia, nilirudi nyuma ghafla hadi mgongo ukagonga ukuta. Aliniona. Akaushusha mkono taratibu, akasema, "Basi dada, ubaki salama," wakaondoka.