Mwanya Aliouomba Twaha

Pale Mtoni, Temeke, ukimuulizia mpambaji wa hina, hakuna atakayekutajia namba ya nyumba. Utaambiwa fuata harufu ya mafuta ya karafuu mpaka uone mikeka imetandazwa barazani. Hapo ndipo kwa Bi Mwanabaraka. Mwaka wa thelathini na moja huu anapamba maharusi. Mikono yake mwenyewe haipambi sana, isipokuwa juu kidogo ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Hapo ua la hina halikosekani, iwe Idi, isiwe Idi.

Chini ya ua lile kuna herufi J. Aliiandika akiwa na miaka kumi na minne, kwao Mkuranga, kwa mafuta ya ganda la korosho, kwa ajili ya kijana aitwaye Jaffar ambaye hata salamu hawakuwahi kupeana. Mafuta yakaunguza ngozi, J ikakaa. Jaffar akahama na wazazi wake, na yeye akaja kuolewa mjini na Bakari.

Mzee Bakari ni mtu wa masihara. Mgeni akiuliza habari ya ile J, hujibu yeye: "Hiyo ni Jumatatu. Mke wangu asije akasahau siku ya kufua." Bi Mwanabaraka hucheka mpaka machozi, akamshukuru Mola kwa kumpa mume asiye na kinyongo.

Lakini J ile ilimfunza. Msichana akija na habari za kuchora tatuu, au kujaza midomo, au kuchonga pua, yeye hamfukuzi. Neno la dini atalisema mara moja tu, kwa upole, halafu humwambia: "Kisichofutika, mwanangu, kitanguliwe na kinachofutika. Kaa nacho kwanza." Kuna mmoja alitaka jina la mchumba shingoni. Akampaka kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Siku ya tisa jina bado linasomeka, mchumba hayupo.

Basi Jumatano moja akaja Farida, binti wa Kijichi, pamoja na shangazi yake Zuena. Harusi ilikuwa imebakiza siku nane, wakaja kujaribu mapambo. Waliletwa na bajaji ya bwana harusi mwenyewe, Twaha, aliyeahidi kuwarudia baada ya Alasiri.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono."

Farida akacheka. Alikuwa na meno meupe yaliyobanana, hata uzi wa cherehani haupiti.

"Kesho nakwenda kutengeneza mwanya," akasema.

Ncha ya hina ikasimama hewani. "Mwanya wa meno?"

"Mie nimesema mpaka mate yamenikauka," akadakia Zuena. "Hasikii."

"Nani atakutengenezea? Daktari wa meno?"

"Daktari maswali mengi, Bi Mkubwa. Kuna fundi mmoja yuko saluni, anakereza na tupa. Dakika kumi tu."

"Tupa! Ya kunolea panga?"

"Ndogo."

"Hata ikiwa ndogo kama sindano. Jino la utu uzima halioti tena, mama. Na hayo yako yana kosa gani?"

Farida akatazama chini, kisha akafungua simu. Ujumbe ulitoka kwa Twaha, wa juzi. Bi Mwanabaraka akavaa miwani, akasoma: *Mie sitaki makubwa, mpenzi. Nataka mwanya tu, hata mdogo.*

"Dada zake wote wana mwanya," Farida akasema, sauti imepungua. "Mama yake pia. Mie pekee ndio nitaingia mle ndani nimeziba kama ukuta. Nataka siku ya harusi nicheke, aone."

Bi Mwanabaraka hakubishana naye. Alichukua kitambaa kikavu, akamfuta meno ya mbele, akatoa wanja wake na kupiga mstari mwembamba katikati. Akampa kioo. "Haya. Kaa nao mpaka Alasiri. Usilambe."

Farida akajitazama, akageuza shingo huku na huku. "Jamani! Mbona nimependeza!"

Bi Mwanabaraka akajuta. Miaka yote sharti lake lilikuwa linawarudisha watu nyuma. Leo limemsukuma mtu kwenye tupa. Ilipoadhiniwa aliingia ndani akasali, na kwenye sijida ya mwisho alikawia kidogo. Aliwaombea wale watoto wawili, na meno pia akayataja.

Hajamaliza kukunja mswala, bajaji ikapiga honi. Twaha akashuka, akaamkia watu wazima, kisha akamgeukia mchumba wake. Farida akamchekea kwa meno yote.

Twaha akainamisha kichwa. Akasogea, akanong'ona, lakini kunong'ona kwa dereva wa bajaji kunasikika mtaa wa pili. "Farida, samahani. Mlikula maharage? Ganda limekung'ang'ania kwenye jino."

"Ni mwanya!"

"Mwanya wa nini?"

"Si uliuomba mwenyewe!" Akamsogezea simu hadi puani.

Twaha akasoma maneno yake, akashika kichwa. "Nafasi, Farida! Nafasi! Wiki ya pili hii nikipiga uko kikaoni, nikipiga uko kwa fundi nguo, nikipiga tena kapokea shangazi! Nikaomba mwanya tuongee hata nusu saa. Mwanya wa meno nimekua nao nyumbani mpaka nimechoka kuuona. Hayo meno yako ndiyo yaliyonileta kwenu!"

Zuena alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Farida alijifunika uso kwa mkono mmoja, ule usio na hina mbichi, na mabega yakawa yanatikisika. Alipoufunua, wanja ulikuwa umefika kidevuni. Akasukutua, kisha akampigia fundi wa saluni: "Kaka, kesho usinisubiri. Hapana, si siku nyingine. Meno yana mwenyewe."

Bi Mwanabaraka akanyanyuka. "Zuena, njoo ndani unisaidie kuchekecha hina."

"Si ulishachekecha?"

"Njoo tu, mwanamke wewe."

Mlango wakauacha wazi, kama inavyopasa, lakini wao wakakaa jikoni na chai yao. Kutoka barazani wakawasikia wale wawili wakiongea, wakicheka, wakiongea tena.

Mzee Bakari aliporudi msikitini aliwakuta bado wamekaa, kila mmoja kwenye ncha ya mkeka wake. Akapita taratibu hadi jikoni. "Hawa vipi, mbona hawaondoki?"

"Wamepata mwanya," mkewe akamjibu.

"Aa. Na mie wa kwangu lini?"

Bi Mwanabaraka akapandisha mkono wa gauni, akalitazama lile ua lake. "Jumatatu," akasema.